Kutoa Shauri na Kupokea Shauri

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa Wazee wa Kanisa, Rahaleo, Mtwara, katika juma la Jubilei)



Kamati ya Jubilei iliponiita, niliagizwa nitoe nasaha kwa vijana. Nilikubali, nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya karatasi siku tatu bila kuandika neno. Si kwamba mtu wa umri wangu ana uhaba wa nasaha. Wake zetu wanajua, na watoto wetu wanajua zaidi, kwamba ghala hiyo haijapata kukauka. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya shauri moja nililolitoa mwaka 2012, ambalo sitawaficha, nitalifikia. Kwa hiyo nilirudi kwa Kamati nikaomba nisitoe nasaha, bali nizungumze juu ya nasaha zenyewe, jinsi tunavyozitoa na jinsi tunavyozipokea. Mmoja wa wajumbe akatabasamu, akaniambia, “Mzee, hilo ni shauri lako.”

Naomba nianze na neno hilo hilo. Lugha yetu ni ya ajabu kidogo. Mtu akiwa na jambo zito husema ana shauri. Wakigombana wawili, hupelekana mahakamani na kufungua shauri. Wakikaa chini ya mwembe kutafuta njia, wanafanya shauri. Na siku mtu anapokuchoka, anapotaka kukuachia mzigo wako uubebe peke yako, hukuambia kwa neno hilo hilo: shauri yako! Neno la kukusaidia na neno la kunawa mikono ni moja. Nimeliwaza sana jambo hili, na ninaona kwamba kati ya maana hizo mbili kuna umbali mfupi mno, ambao mshauri anaweza kuuvuka bila yeye mwenyewe kutambua.

Jubilei inahusu miaka mia moja. Mimi nitazungumzia sabini na ushee tu, kwa sababu mji tulioketi ndani yake ni mchanga kuliko Jubilei yenyewe. Wageni wetu huuliza kwa nini Mtwara ina barabara pana zilizonyooka, ilhali Mikindani, kilomita chache tu kutoka hapa, ina vichochoro vya mji wa kale. Jibu ni karanga. Mji huu ulizaliwa na shauri, tena shauri baya, na ninyi vijana mnaopita kila siku karibu na bandari inafaa mjue habari zake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na watu wake walikuwa wakigawiwa kwa kipimo. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea Serikali ya nchi hiyo wazo la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ikafanya jambo ambalo kila mmoja wetu angelisifu: kabla ya kuamua, ikatafuta ushauri. Wakateuliwa watu watatu. Kiongozi wao, John Wakefield, aliwahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, hivyo hakuwa mgeni. Wa pili, John Rosa, alikuwa mtu wa benki. Wa tatu, David Martin, alikuwa msimamizi wa mashamba wa kampuni ile ile iliyoleta wazo. Hapo tu mzee yeyote wa Newala angeuliza: huyu anakuja kupima, au anakuja kutetea?

Walizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka angani. Ilikuwa katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi. Akina mama mliolima karanga nisaidieni: wiki tisa zinatosha kupanda karanga na kuing'oa? Hazitoshi. Watu hao walitoa shauri juu ya zao ambalo, katika muda waliokaa, wasingeweza kuliona likitoka kwenye mbegu hadi kwenye gunia.

Taarifa yao ilipendekeza kufyeka ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yake Tanganyika, na sehemu kubwa katika Jimbo la Kusini la wakati ule, ambalo ndilo kwetu. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita. Mizizi ilivunja majembe. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na mvua ikikatika jua huukausha ukawa kama saruji, karanga zikabaki zimefungiwa ndani ya ardhi. Wagogo walikuwa wakiishi na ardhi ile na ukame wake kwa vizazi vingi. Walipanda vishamba vidogo, tena kwa tahadhari, wakijua kwamba mvua ya pale si ya kuaminiwa. Tahadhari hiyo ilikuwa ni ushauri, umeandikwa juu ya nchi kwa jembe la mkono. Lakini mtu aliye ndani ya ndege huona tu kwamba pori ni kubwa na halina mtu.

Huku kwetu haikuwezekana hata kuanza bila kujenga kwanza bandari na reli. Ndipo ikachaguliwa ghuba hii yenye kina kirefu, gati likaanza kujengwa, na reli ikaelekezwa Nachingwea. Januari 1951 mpango ulifutwa, baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Gati lilipokamilika, miaka ya 1950, karanga ambazo lilijengwa kuzisafirisha hazikuwapo. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikang'olewa.

Ninaomba tusiwacheke haraka. Sidhani kwamba Wakefield na wenzake walikuwa waongo. Waliulizwa na watu waliokuwa na njaa ya kusikia ndiyo, nao wakasikia njaa ile katika swali. Kila aliyewahi kuulizwa swali na mtu anayemheshimu, akaona usoni mwake jibu analolitamani, anajua jinsi ulimi unavyoteleza. Tena angalieni kilichofuata. Novemba 1949, mambo yalipokuwa yamekwisha haribika, Wakefield na Rosa waliondolewa katika bodi ya shirika lililoendesha mpango. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliyeusimamia na kuutetea mpango huo, yeye alibaki katika kiti chake. Mshauri hufukuzwa, aliyetamani kushauriwa vile hubaki. Sisemi ilikuwa haki au si haki. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nifike nyumbani kwangu.

Mnakumbuka mwaka 2012 ulivyokuwa hapa Mtwara. Gesi ilikuwa imegunduliwa Mnazi Bay tangu mwaka 1982, lakini sasa habari za visima vipya vya baharini zilikuwa zikija mfululizo, na ujenzi wa bomba la zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam ulikuwa ukianza. Viwanja vilipanda bei kila mwezi. Watu ambao hatukuwahi kuwaona walikuwa wakiulizia mashamba ya minazi. Katika siku hizo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alishuka kutoka Newala akaja kunitaka shauri. Wageni wetu wa kutoka bara wafahamu kwamba kwa mila za huku mjomba si mtu wa kusalimiwa tu siku za sikukuu. Mpwa haoi, hahami, wala hauzi kitu kikubwa bila kupita kwa mjomba.

Alitaka kukopa benki ajenge nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili. Alikuwa bado anafafanua, hajataja hata riba, nami nilikwisha kumjibu. Nilimwambia, “Jenga, mwanangu. Usipojenga sasa utawajengea wengine.” Niliona sentensi ile ni nzuri sana. Nilimrudia nayo mara mbili.

Nilichokifanya pale nimekuja kukielewa polepole, miaka mingi baadaye. Nilitamani kuwa mjomba wa mtu mwenye nyumba ya wageni. Kila mtu mtaani alikuwa akijenga, nami sikuwa na cha kujenga. Nikajenga kwa mdomo. Sikuuliza atalipa kiasi gani kwa mwezi. Sikuuliza atafanya nini iwapo wageni hawatakuja. Jina la mtaa wetu ni Rahaleo, na siku ile nilishauri kama mwenyeji wake halisi, leo tu, kesho haikutajwa.

Yaliyofuata mnayajua. Januari na Mei 2013 mji wetu uliingia katika ghasia kwa sababu ya bomba lile, na wengi tulilala ndani tukisikiliza milio. Bomba lilikamilika, likazinduliwa mwaka 2015. Wajenzi na wahandisi waliokuwa wakijaza vyumba wakaondoka, kwani kazi ya kujenga ikiisha mjenzi hurudi kwao. Mpwa wangu alibaki na vyumba kumi na viwili, mashuka yaliyokunjwa, na barua za benki. Ili kuiokoa nyumba, dada yangu aliuza shamba lake la mikorosho kule Newala, mikorosho aliyoipalilia tangu angali kijana.

Nilikwenda kumpa pole. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanipa maji. Halafu akaniuliza swali moja tu: “Kaka, kile kiwanja ulikwenda kukiona?”

Sikuwa nimekwenda. Kutoka nyumbani kwangu hadi kiwanja kile ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu. Ningalikwenda, ningaliona kwamba katika njia ile ile zilikuwa zikijengwa nyumba nyingine tano za wageni. Wakefield alizunguka kwa ndege wiki tisa. Mimi sikuvuka hata barabara.

Tangu siku hiyo nimeisoma kwa macho mengine habari ya Yethro katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Tunaihubiri mara nyingi kama habari ya uongozi, ya kugawana kazi, na ni kweli. Ila tazameni mpangilio wake. Yethro alifika kambini kwa mkwewe, wakasalimiana, wakala chakula. Na kesho yake akakaa akamtazama Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Siku nzima alikuwa anatazama. Alipofungua kinywa, alianza kwa kuuliza, ndipo akashauri. Na Musa, ambaye alikuwa akisema na Mungu mwenyewe, hakumjibu mzee huyu kuwa hana habari za jangwani. Akasikiliza.

Habari nyingine tunayoipenda sisi wazee ni ya Rehoboamu katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 12, kwa sababu ndani yake wazee ndio waliokuwa sahihi na vijana ndio walioupasua ufalme. Nimeihubiri hivyo mwenyewe. Lakini Rehoboamu hakuwafuata vijana kwa kuwa walikuwa vijana. Aliwafuata kwa kuwa walimwambia neno lililokuwa tayari moyoni mwake. Mimi nilipomshauri mpwa wangu nilikuwa na mvi, na bado nilikaa upande wa wale vijana. Tuna methali yetu ya asiyesikia la mkuu, ambayo kila mkuu anaikumbuka. Methali ya mkuu aliyesema bila kutazama sijaisikia, na nadhani ni kwa sababu wanaotunga methali ni wakuu.

Akina mama naomba mnivumilie nikigusa jambo lenu. Katika mila zetu za Kusini, Wamakonde, Wamakua na Wayao, mama mzazi hamfundi binti yake mwenyewe. Binti hukabidhiwa kwa kungwi. Zamani niliona ni ajabu, kwani nani amjuaye mtoto kuliko mama yake? Leo naona wahenga walijua kitu. Mama ana matumaini makubwa mno juu ya binti yake. Atamwambia yale anayotaka yawe. Kungwi anaweza kumwambia yalivyo. Na kitu cha pili, ambacho kwangu ni kikubwa zaidi: kazi ya kungwi haiishi ngoma ikilala. Binti akiolewa, akipata mimba ya kwanza, ukitokea ugomvi ndani ya nyumba, kungwi huitwa. Aliyesema lazima aje aone kilichotokea. Ndugu zetu Waanglikana wa Masasi, chini ya Askofu Vincent Lucas aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, hawakuona vema kuyafuta mafunzo haya. Waliyachukua, wakayaingiza katika maisha ya Kikristo. Watu wamebishana sana kama alifanya sawa, na baadhi ya yaliyofundishwa jandoni na unyagoni mimi siyatetei. Lakini ule utaratibu wa mshauri asiyetoroka ningependa tuutunze.

Maana mimi nilitoroka. Baada ya nyumba ile kushindwa nilikaa karibu miaka miwili bila kwenda kwa mpwa wangu. Nilijiambia simpi aibu. Kumbe nilikuwa nikiikwepa ya kwangu. Sikutamka “shauri yako,” ila miguu yangu ilitamka.

Nimesema sana upande wa mtoaji. Nigeuke kidogo upande wa mpokeaji, ambao ni mgumu kwa namna nyingine. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutangazia kimbunga Kenneth. Viongozi walipita, shule zikafungwa, wa mabondeni na wa kando ya bahari wakaambiwa wahame. Wengi wetu tulihama. Tarehe 25 Aprili kimbunga kikashukia ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji, na huko peke yake kikaua watu zaidi ya 40. Sisi tulirudi majumbani, mabati yakiwa mahali pake. Na kesho yake nilisikia nini? Nilisikia watu wakiwacheka watabiri. Jirani mmoja alisema amebeba godoro kichwani bure.

Bure! Wazee wa Lindi walikuwa wakisimulia kimbunga cha Aprili 1952, na walikisimulia bila kucheka. Kenneth alipita kusini yetu kwa umbali ambao upepo hauhesabu kuwa ni umbali. Shauri jema mara nyingi halina ushahidi: ukilifuata, lile uliloonywa halikupati, na lisipokupata unasema halikuwapo. Mei 2024 kilipotangazwa kimbunga Hidaya, nilimwona jirani yule yule akifunga mabati yake kwa kamba. Sikumwambia neno. Alinitazama, nami nikashika upande wa pili wa kamba.

Kwa hiyo vijana, nasaha mlizokuja kuzichukua kwangu ni chache. Mkija kwa mzee kutaka shauri, msije na jibu limeandikwa usoni. Mtaondoka nalo lile lile, na mtafikiri amewapa yeye. Mwambieni pia yale mnayoyaogopa. Na akijibu kabla hamjamaliza, mwombeni kwa heshima asubiri. Hilo si utovu wa adabu. Laiti mpwa wangu angaliniambia hivyo, ningalikasirika siku moja, na dada yangu angalikuwa na mikorosho yake.

Bandari ile ya karanga, wageni wangu, mmeiona. Leo hupakia korosho, na imeongezewa gati jipya. Nachingwea, ambako karanga zilishindwa, wapigania uhuru wa FRELIMO walipata kambi yao. Sijui niseme nini juu ya hilo. Shauri lilikuwa baya, na gati ni zuri. Watu hunitaka nichague moja, nami siwezi.

Nyumba ya mpwa wangu nayo ipo. Vyumba amevipangisha kwa miezi, kwa walimu na wauguzi wanaohamishiwa hapa. Si utajiri, lakini benki imeacha kuandika. Mwezi uliopita alikuja Rahaleo jioni, akiwa na shauri la binti yake anayetaka kuacha chuo ili akafanye biashara. Nilimkaribisha kiti. Akasema yote hadi mwisho, nami nikamuuliza binti mwenyewe yuko wapi, na kama naweza kwenda kuzungumza naye kabla ya kusema lolote. Akanyamaza, kisha akacheka.

“Mjomba,” akasema, “umezeeka. Zamani ulikuwa ukijibu kabla sijakaa.”

Binti huyo nitakwenda kumwona Jumanne.